Ombi la Kustaafishwa Kutoka Jeshi la Wakelti

Lemein ole Sankale,
Noonkopir,
Kitengela.

Kwa Bi. Valerie Nanjala,
Mkuu wa Usanifu wa Vikosi,
Kampuni ya Mwamba Mwekundu, Waundaji wa Michezo ya Kompyuta,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae,
Kitengela.

Mheshimiwa Bi. Nanjala,

KUH: KUENDELEA KUTUMIWA KWANGU VITANI BILA KUSTAAFISHWA

Natanguliza salamu za heshima kwako, kwa wafanyakazi wenzako, na kwa kompyuta zenu, ambazo nasikia hazizimwi hata stima ya mtaa mzima ikipotea. Mimi ni yule mzee uliyemtembelea nyumbani kwake Noonkopir mwaka jana ukiwa na mpwa wangu Leshan, mwajiriwa wako, mkamvisha nguo nyeusi ya kubana iliyoshonwa vidoti vyeupe, mkamwomba atembee, arushe fimbo, apige kelele na aanguke. Nalieleza hilo kwa kirefu kwa sababu huenda usinitambue nikiwa mmoja. Siku hizi mnanijua nikiwa mia na sitini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili nilichojifunza bila mwalimu, kupitia matangazo ya chifu na magazeti yaliyofungiwa nyama. Ukikutana na sentensi iliyonyooka kupita kiasi, usishtuke, ndivyo ninavyoziacha. Leshan alinishauri nikutumie ujumbe wa sauti kwenye simu. Nilimjibu kwamba malalamiko yanayosikika yakihema hayana hadhi.

Niruhusu nikumbushe yaliyotokea, ili pasiwe na atakayesema hakuwepo. Kampuni yenu ilipewa kazi na wenye gemu walioko ng'ambo, kazi ya kusanifu vikosi vya Wakelti wa kale, watu wa Ulaya waliopigana na Warumi, katika mchezo wa vita uitwao Misitu na Majeshi. Mchezaji hukaa na simu yake akaamuru kikosi hiki kivuke mto na kile kipande kilima, naye akaendelea kula chapati. Tukinywa chai uani kwangu, ulinieleza kwamba Wakelti walikuwa watu wa ng'ombe na mikuki, wenye ngao ndefu, nguo za miraba mabegani, na nywele walizozisimamisha kwa chokaa. Leshan akadakia, "Mjomba, hao ni sisi, ila hawakupata jua." Nilicheka. Sasa naelewa kwamba kicheko kile kilipokelewa ofisini kwenu kama sahihi yangu.

Ulisema mnahitaji mwendo wangu tu. Uso ungetumika kushikilia nafasi, hadi wachoraji wenu wamalize sura za Wakelti wenyewe. Maneno yako nayakumbuka vizuri, kwa kuwa yalikuwa ya heshima: "Baba, ni sura ya muda tu. Tutaitoa." Mimi ni mkazi wa Kitengela na nilipaswa kujihadhari na neno hilo. Hapa kwetu mchepuko wa muda wa barabara umekwisha kupata jina, kanisa na kituo cha mafuta. Lakini wewe ulikuwa mgeni wangu, na chai ilikuwa ya moto. Nikaamini.

Gemu ikatoka. Uso ukabaki.

Sasa nieleze kwa nini ninaandika leo na si baadaye. Jumamosi hii wazee wa rika letu tunakutana karibu na Isinya kumchagua msemaji wa wazee walezi, tunaowaita kwa Kimaasai olpiron. Hao ndio wanaolilea rika jipya la vijana, wakawakemea, wakawatetea, wakawasemea mbele ya wakubwa. Majina yaliyopendekezwa ni mawili: langu, na la Isaac ole Koinet, jirani yangu na mwanarika mwenzangu, ambaye tumeshindana tangu tukiwa morani, vijana wapiganaji, kwa jambo lolote lenye mshindi. Vijana nao wataulizwa ni mzee gani kati yetu watakayemsikiliza. Bi. Nanjala, miaka yote nimewaandikia watu barua: za shule, za mipaka, za kuomba radhi kwa wakwe. Watu hukunja barua zangu wakaenda kusema wao. Ninaitaka nafasi hii, na sioni haya kukiri, kwa sababu ingekuwa mara ya kwanza kwangu kuwasemea watu nikiwa nimesimama.

Vijana hao wote wana gemu yenu katika simu zao. Malalamiko yangu basi ni haya:

1. Nywele.

Siku tuliyotoka katika umorani tukawa wazee, mama yangu alininyoa nywele ndefu nilizokuwa nimezipaka udongo mwekundu. Nilikaa juu ya ngozi ya ng'ombe nikalia, kama walivyolia wenzangu wote, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Tangu asubuhi ile kichwa changu ni cha mzee. Nyinyi mmenirudishia nywele zile, zikiwa na rangi ya karoti, hadi mabegani. Kwenu huo ni urembo wa Mkelti. Kwetu, mzee kuonekana na nywele za morani ni sawa na mtu aliyemaliza shule kurudi na kaptula na kudai dawati la mbele. Isaac alizitazama kwenye simu ya mwanawe, kisha akaniambia mbele ya watu waliokuwa wakingoja kusaga mahindi, "Lemein, kumbe mama yako hakumaliza kazi." Mama yangu ni marehemu. Kazi yake alikuwa akiimaliza.

2. Nguo.

Mna kikosi kiitwacho Wavamizi Uchi. Nilipofika ofisini kwenu nilielezwa kwamba baadhi ya Wakelti walivua nguo kabla ya vita ili kumtia adui hofu, na kwamba jambo hilo liliandikwa na maadui wenyewe. Silipingi. Mtu akinijia uchi asubuhi na mapema, mimi pia nitaandika. Lakini wavamizi wale wana uso wangu, na uso wangu ni wa mzee wa kanisa anayepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Nawashukuru kwa kifua mlichonipa, na kwa mapaja, ambayo kwa kweli sijui mliyapata kwa nani. Mke wangu Margaret alionyeshwa picha hiyo na akina mama wenzake baada ya ibada. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Huyu si wangu. Wangu namjua." Walicheka hadi mchungaji akatoka kuuliza kuna habari gani njema. Hadi leo sijaamua kama siku ile nilitetewa au nilishtakiwa.

3. Wanawake, kuhani na mpiga tarumbeta.

Wote ni mimi. Kuhusu wapiganaji wa kike, Margaret alisema kwamba hao angalau wanafanana na dada yangu. Dada yangu ndiye mama yake Leshan, na nadhani umeona jinsi Leshan anavyokuja kazini siku hizi bila kubeba chakula.

4. Ng'ombe.

Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba watu hawa waliimba juu ya mafahali na kuvamiana kwa ajili ya mifugo. Nimeizunguka nchi yote ya Wakelti mliyoichora, kwa msaada wa kidole cha Leshan, kutoka msituni hadi baharini. Nimeona kuku na mbwa mmoja aliyelala. Utajiri wa kabila unaonyeshwa kwa picha ya mkate. Binti yangu, hakuna mwanamume aliyewahi kuvuka mto wa barafu akiwa uchi kwa ajili ya mkate. Nilipouliza, kijana mmoja wa ofisi yenu alinijibu kwamba ng'ombe waliondolewa kwa kuwa pembe zao zinailemea simu. Nimelipokea jibu hilo. Simu hiyo hiyo inabeba jeshi la Warumi lisilo na mwisho, kila Mrumi na kofia yake, kila kofia na manyoya yake, na kila unyoya unapepea kivyake. Lakini fahali mmoja, tena aliyesimama tu, ni mzigo.

5. Maelezo ya kikosi.

Mchezaji akitugusa kabla ya kutununua, hutokea maandishi yasemayo: "Wengi, wepesi, nafuu. Hawadumu." Sentensi hiyo naifahamu. Huwa inasemwa soko la Kitengela kuhusu viatu. Warumi nao wameandikiwa: "Nidhamu ya hali ya juu." Sikuona popote palipoandikwa kwamba Warumi wametoka mbali kuja kwa watu ambao hawakuwaita. Tunauzwa kwa mafungu kama nyanya za Loitokitok siku ambayo lori limechelewa, na mchezaji asiyetuhitaji anaweza kutuvunja ili apate mbao. Sikuelewa mbao hizo zinatoka sehemu gani ya mwili wangu, na sikuuliza.

6. Kukimbia.

Hapa ndipo penye kidonda.

Katika mchezo wenu kila kikosi kina kipimo cha moyo. Kikishuka, kikosi hutupa ngao na kutoroka. Vikosi vyote vya Wakelti hutoroka kwa mkimbio mmoja: mkono wa kushoto umeshika nguo kiunoni, wa kulia unapunga hewa nyuma, goti la kulia halikunjiki vizuri, na kichwa kinageuka kila mara kutazama kama anayefukuza amefika. Hata Wavamizi Uchi hushika nguo kiunoni.

Huo ni mkimbio wangu. Sikuutoa kwa hiari. Siku ile ya kurekodi, baada ya kuanguka kama mlivyotaka hadi mbavu zikauma, nilikuwa nimesimama kando nikivuta pumzi. Bata mzinga wa Margaret, ambaye hakupendezwa na vile vidoti, alinijia kutoka nyuma ya tangi la maji. Kamera zenu zilikuwa bado zinatazama. Ulipiga makofi, Bi. Nanjala. Mimi nilidhani unanisaidia kumfukuza ndege.

Sasa mkimbio ule unachezwa na watu wa nchi nisizozijua, na hakuna hata mmoja wao anayeonyeshwa bata mzinga. Wanaona mzee mwenye nywele za karoti akimkimbia Mrumi mfupi anayetembea. Hapa nyumbani hakuna asiyelijua goti langu. Vijana wa boda boda wa stejini kwetu wakiniona nikienda dukani hunisalimu vizuri sana, kisha mmoja huniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Mzee, enda tu pole pole. Warumi bado wako Athi River." Isaac naye ameujifunza. Anaufanya kwenye harusi. Anaufanya vizuri, na hilo linaniuma zaidi, maana ana magoti mawili mazima.

Nimejiuliza Jumamosi itakuwaje. Nitasimama mbele ya vijana, niwaambie kuhusu ujasiri, kuhusu kutoikimbia aibu wala hasara, na kila mmoja wao atakuwa na kisigino changu mfukoni.

7. Kutostaafu.

Mchezo wenu huchukua miaka mia tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Leshan alinionyesha. Katika miaka hiyo falme zinaanguka, miji inajengwa, Warumi wanabadilisha viatu, na mimi bado ni morani. Hakuna sherehe, hakuna wembe, hakuna mtu wa kuniambia imetosha. Kijana ambaye hata lango la zizi linamshinda kufunga hunigusa kwa kidole akanionyesha mto, nami naingia mtoni. Ananionyesha moto, naingia motoni. Siulizi kwa nini. Hakuna kikosi katika mchezo huo kinachouliza kwa nini, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la usanifu kuliko hata nywele.

Ninapendekeza kwamba kila kikosi, baada ya kupigana miaka ya kutosha, kistaafishwe rasmi, mchezaji alazimike kufanya sherehe, na kigeuke kuwa kikosi kipya kiitwacho Wazee wa Kikao. Kikosi hiki hakina silaha. Warumi wanapowasili, Wazee wa Kikao huwakaribisha wakae chini. Huwauliza ni wana wa nani, wamelala wapi jana, na mvua kwao ilikuwaje. Kila Mrumi husimama na kujieleza, wala hakatizwi. Kisha wazee hujibu, kila mmoja kwa zamu, akianza kwa kurudia yote aliyoyasema mwenzake. Jua likishuka, hugunduliwa kwamba kuna mzee mmoja bado yuko njiani kutoka Loitokitok, na haingekuwa adabu kuamua bila yeye. Nimehudhuria vikao hivyo tangu ninyolewe. Nakuhakikishia kwamba hakuna jeshi duniani lenye chakula cha kutosha kuvistahimili.

8. Warumi wenyewe.

Uliniambia wenye gemu wanataka uhalisia. Nami nataka kuwasaidia. Mmewachora Warumi na panga, ngao, na mitambo ya kurusha mawe, kana kwamba watu wenye nchi hushindwa kwa vitu hivyo. Sisi huku hatukumwona hata mtu mmoja mwenye upanga. Walikuja watu wawili wenye viatu safi na futi ya kamba, wakatuamkua kwa Kimaasai, wakanywa chai, wakasifu mbuzi. Waliporudi walikuwa na mawe manne ya mipaka. Baba yangu mdogo alikuwa na ardhi iliyoanzia mtoni ikaenda hadi macho yachoke. Leo ana geti. Ni geti zuri, jeusi, lenye picha ya simba, na ukilifungua unaingia moja kwa moja jikoni.

Waongezeeni Warumi basi kikosi cha Mawakala wa Ploti. Kisiwe na silaha, ila kibao kilichoandikwa kwamba ploti za hamsini kwa mia zinapatikana na bei ni ya maelewano. Kipelekeni mbele ya Wakelti, kisha mtulie. Kabla mchezaji hajamaliza chapati yake, msitu utakuwa na jina la mtaa, Wakelti watakuwa wakilinda geti la mtu mwingine, na hakuna damu itakayomwagika kuilemea simu.

Hayo ndiyo malalamiko. Naongeza kwamba nilifuata utaratibu. Nilipanda ngazi zenu mwenyewe na kueleza haya yote kwa binti wa mapokezi, ambaye alinisikiliza kwa utulivu na kuyaandika kwenye kompyuta. Alinigeuzia kioo nisome kama ameandika sawa. Suala langu lilikuwa limeingizwa chini ya kichwa: "Hitilafu ndogo ya mwonekano." Nimeitwa mengi katika maisha yangu, mengine na wakwe zangu, lakini hilo lilikuwa na usahihi ambao sikuutegemea. Nilimwuliza hitilafu ndogo hutatuliwa lini. Akasema baada ya zile kubwa. Nilimwuliza kubwa ni ipi. Akasema kuna farasi wa Kirumi anayetembea huku miguu yake ikiwa ndani ya ardhi, na wenye gemu wamelalamika sana. Nikamshukuru, nikashuka. Farasi wa Warumi ana watu wa kumtetea.

Kwa kuwa sitaki kuonekana mtu asiyeshirikiana, nimeyapanga maombi yangu kutoka lililo jepesi kwenu. Naomba uso wangu uondolewe kabla ya Jumamosi. Kama hilo haliwezekani, naomba uso ubaki lakini Wakelti washinde, hata kama ni kwa juma hili tu. Warumi watakuwa na mwaka mzima wa kujifidia. Kama wenye gemu watasema kwamba Wakelti kushinda kunaharibu historia, basi nihamishieni upande wa Warumi, kwa cheo chochote, hata mbeba maji, mradi nivae. Na kama hata hilo ni gumu, naomba uso wa Isaac ole Koinet uwekwe mahali pa wangu. Ninaweza kumleta ofisini kwenu mwenyewe bila kumweleza sababu. Anapenda sana kupigwa picha, na ana nywele kidogo pembeni mnazoweza kuanza nazo.

Sina nia ya kulipeleka jambo hili mbele zaidi, ingawa chifu anaifahamu hati yangu, na mkuu wa kaunti ndogo anaifahamu kiasi cha kuugua akiiona. Wewe ulikunywa chai kwangu ukaniita baba. Sijalisahau hilo, na ndiyo maana nimetumia maneno laini.

Nisalimie wachoraji wote, hata wale niliowasikia wakicheka nyuma ya kioo nilipokuwa nikishuka ngazi. Msalimie binti wa mapokezi na mwenye duka la vigae hapo chini, aliyenipa kiti goti liliponikataa. Mwambie mama yako kule Bungoma kwamba amekulea vizuri, na kwamba kasoro zilizopo ni za kazini. Mpe Leshan salamu za mama yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hazitumi.

Nabaki, nikiwa mmoja na nikiwa nimevaa,

Lemein ole Sankale.

Baada ya sahihi:

Barua hii haikukufikia kabla ya Jumamosi. Niliinakili upya ili mwandiko uwe safi, kisha nikainakili tena kwa sababu neno "mapaja" lilikaa vibaya mwisho wa mstari. Kikao kimefanyika jana, nami nalazimika kuongeza maneno machache.

Isaac alitangulia kusema. Alieleza ujasiri wake kwa ufasaha, na habari ya yule simba anayesema alimkabili katika ujana wetu, ambaye kila mwaka anazidi kunenepa. Vijana walimsikiliza kwa heshima. Niliposimama mimi, walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vipengele saba. Sikukumbuka hata kimoja. Niliwaambia tu kwamba ndiyo, ni mimi, kisha nikakaa.

Ndipo wakaulizwa ni mzee gani watakayemsikiliza. Kijana waliyemweka awasemee aliinuka, akavua kofia, akasema hivi, nami nayaandika kama yalivyotoka: "Mzee Isaac ni shujaa, tunajua. Lakini Mzee Isaac ukimwita, anatuma mtu aseme amelala. Wazee wote ni hivyo, tusidanganyane. Huyu Mzee Lemein sisi tumemtuma kila mahali. Tumemtuma kwa mto, tumemtuma kwa moto, tumemtuma kwa Warumi akiwa hata hana nguo, na hajawahi kuuliza kwa nini. Akianguka, tukimwita tena, anakuja. Kajiado hii yote hatuna mzee mwingine kama huyo. Tupeeni yeye."

Hakuna aliyepinga. Isaac mwenyewe alinishika mkono, ingawa aliushika kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Kwa hiyo, Bi. Nanjala, naomba barua hii yote iliyotangulia uihesabu kuwa mazoezi ya mwandiko. Msiondoe chochote. Msiongeze wazee wa kikao, wala ng'ombe, na hasa msimpe mtu yeyote haki ya kuuliza kwa nini. Uso wa Isaac msiupokee, hata akiuleta mwenyewe. Nasikia ameanza kuulizia ofisi yenu iko wapi.

Siwezi kuandika zaidi. Vijana wamenipigia simu kwamba kesho asubuhi niende Kajiado mjini nikawasemee. Hawakusema ni kwa nani, wala ni kuhusu nini. Nimeshapiga pasi shati.